Jinsi ya kukaa na mtu anayeumia bila na wewe kuzama (na maumivu ya kujichagulia yanasaidiaje)

Kuna asubuhi nilitoka wodini karibu nakimbia, nikaenda kusimama nje pale wanapoanika mashuka, nimeshika ukuta natetemeka, kisa kidonda cha mama mdogo kilikuwa kinasafishwa na zamu ya kumshika mkono ilikuwa yangu. Mama mdogo ana kisukari, mguu ulianza na kidole tu ukaendelea kupanda, ikabidi alazwe hospitali moja hapa Mbeya, na kila siku saa tatu asubuhi nesi anakuja na trei yake, mkasi na gozi za kufungia kidonda. Mimi kuanzia saa mbili na nusu tumbo limeshaanza kuniuma kama vile ni mimi nasafishwa. Nikawa najiambia hii ndio dalili kwamba nampenda sana. Wiki ya tatu nikaanza kuchelewa makusudi, nasema magari ya Uyole yalikuwa yamejaa, nafika saa nne kidonda kimeshafungwa. Yaani mtu niliyekuwa namuonea uchungu kuliko watu wote ndiye niliyekuwa namkimbia.

Aliyekuwa anabaki naye ni bibi mmoja wa kutoka Rungwe, amekuja kumuuguza mjukuu wake kitanda cha pili, sio ndugu yetu wala nini. Anavuta stuli, anakaa, anamshika mama mdogo mkono anamuuliza "mwanangu, nikushike hapa au huku juu?" basi. Halii, hageuzi uso, nesi akimaliza anamfunika shuka anarudi kwa mjukuu wake. Nilimuona ana roho ngumu, na hapo ndio nilikosea vibaya. Haya ninayoandika yametoka kwenye kosa hilo, na kwenye kusoma baadaye nikakuta watu wa saikolojia wameshalipima jambo hili miaka mingi.

Naanza na kutenganisha vitu viwili, maana usipovitenganisha huku chini utapotea. Kuna kuumia pamoja na mtu, na kuna kumhurumia mtu. Kwa Kiswahili tunavichanganya, tunasema vyote ni kuwa na moyo, lakini mwilini ni vitu tofauti kabisa. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake kule London walichukua wanawake 16 wenye wapenzi wao, mwanamke analala kwenye mashine ya kupiga picha ubongo na mwenzake anakaa pembeni, halafu mara anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi yeye, mara anapigwa mwenzake. Zile sehemu za ubongo zinazobeba karaha ya maumivu, ile "sitaki, nitoeni", ziliwaka mara zote mbili. Zile zinazosema maumivu yako mahali gani na ni makali kiasi gani ziliwaka pale tu alipopigwa mwenyewe. Kwa hiyo tumbo langu saa mbili na nusu halikuwa uongo, ubongo kweli ulikuwa unaumia, ila ulikuwa umebeba ile nusu ya kutaka kukimbia peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa najikuna kunguni ambao hata siwajui.

Baadaye Singer na Olga Klimecki na wenzao wakafundisha watu kwanza kuhisi mateso ya wale wanaowaona kwenye video, na hao watu wakawa hoi, hisia mbaya zikapanda. Halafu hao hao wakafundishwa huruma, yaani kumuangalia anayeteseka huku unamtakia mema kwa moyo wa joto, kama unavyomuangalia mtoto wako mwenye homa. Video zilikuwa bado ni za mateso vilevile lakini hisia nzuri zikarudi, na ubongo ukawa unatumia njia nyingine. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka yule bibi na stuli yake. Yeye alikuwa kwenye huruma, mimi nilikuwa kwenye kuumia, na kwa nje mimi ndiye nilionekana mwenye upendo.

Sasa kivitendo unafanyaje.

Cha kwanza na ndio kikubwa, badilisha swali unalojiuliza kichwani. Ukiingia kwa mgonjwa au kwa mfiwa akili inakuja na swali la haraka, "hivi ningekuwa mimi ingekuwaje?" Swali hilo linaonekana jema na wengi tumelelewa nalo, lakini ndilo linalokuzamisha. Daniel Batson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, na wenzake mwaka 1997 waliwasikilizisha wanafunzi habari ya msichana aliyefiwa na wazazi, wengine wakaambiwa wawaze yeye anajisikiaje, wengine wakaambiwa wawaze wao wangejisikiaje kama ni wao. Wote waliingiwa na huruma, ila wale wa kuwaza wangekuwa wao waliingiwa pia na fadhaa ya kwao wenyewe, na mwenye fadhaa kitu anachokitafuta ni mlango. Kwa hiyo swali liwe "huyu hapa, leo, anasikia nini na anataka nini?" na kama hujui si uko naye hapo, muulize.

Ila uliza kitu kidogo ambacho mtu mwenye maumivu anaweza kukijibu. "Unajisikiaje" ni swali zito kwa mtu ambaye hajalala siku mbili. "Nifungue dirisha?" "Nikae au nikuache ulale kidogo?" "Nikushike hapa au huku juu?" Sikuelewa kwa nini yule bibi anauliza swali lile lile kila siku mpaka nikagundua jibu lilikuwa linabadilika, siku nyingine kiganja, siku nyingine bega, kuna siku mama mdogo alimwambia leo usinishike kabisa kaa tu nikuone. Ule mguu ulikuwa umemnyang'anya maamuzi karibu yote, lini ale, lini achomwe sindano, lini ageuzwe, sasa mtu akimuuliza wapi ashikwe anakuwa amerudishiwa kitu kidogo cha kwake.

Mwili wako nao una kazi. Kaa, usisimame juu ya mtu kama askari. Miguu miwili chini, toa pumzi ndefu kuliko unayoingiza, na ukisikia kifua kinabana usikipige vita, jiambie tu kimoyomoyo hii ni yangu, ile ni yake. Linasikika kama neno la kitoto ila jaribu, kuna kitu kinashuka. Halafu weka muda unaojulikana. Mwambie mgonjwa "mama nipo mpaka saa sita, halafu anakuja kaka," na saa sita uondoke kweli. Ukijua kuna mwisho unaweza kuwepo wote, asiyejua mwisho anakuwepo nusu nusu, mara simu, mara koridoni.

Maneno punguza. "Jikaze", "afadhali wewe, kuna fulani alikatwa mguu mzima", "Mungu ana makusudi yake", hayo mara nyingi tunajiambia wenyewe ili tutulie. Anayeumia akisema mwenyewe kwamba Mungu ana makusudi, mkubalie, ni imani yake na inambeba. Wewe usimtangulie.

Na tafuta kazi ya mikono. Huku kwetu hili tunalijua kuliko vitabu. Nenda msibani Tukuyu au Kyela uangalie, wanawake wanakuja wamejifunga vitenge, wanaingia ndani kwa mfiwa, kilio kinapanda pale mpaka unasisimka, kisha baada ya muda utaona mmoja anajifuta uso anatoka, mwingine anamfuata, ukienda nyuma ya nyumba unawakuta wanamenya ndizi, huyu anapepeta mchele, yule ametumwa maji, wanaume wako kwenye kuni na turubai. Akija mgeni mpya wanarudi wanalia naye tena. Hamna aliyewafundisha saikolojia lakini ona walivyopanga, kulia kuna wakati wake na kazi ina wakati wake, na hakuna anayeachiwa kulia peke yake siku nzima. Zamani kwa Wanyakyusa hata ngoma ilichezwa msibani, na wageni wengi waliokuja kutazama hawakuelewa.

Neno moja kuhusu pesa, halafu nirudi kwenye njia. Kuumia na mtu kunaangaza kama tochi, unaona uso mmoja na waliobaki wako gizani. Batson huyohuyo mwaka 1995 aliwapa watu habari ya mtoto wa miaka 10 mwenye ugonjwa wa kumuua aliyekuwa kwenye foleni ya kusubiri huduma, akawauliza wamtoe kwenye foleni wamuweke mbele? Walioambiwa wasikilize bila kuzama, kama theluthi moja walikubali kumrusha mbele ya watoto wengine. Walioambiwa wawaze anavyojisikia, karibu robo tatu walikubali, na wale watoto waliorukwa hawakuwa na picha wala sauti. Sasa fikiria magrupu yetu ya michango, picha ya kidonda ikipostiwa inachangiwa usiku huohuo, na jirani yako mwenye kifua kikuu anayekohoa nyuma ya ukuta hana hata wa kumpelekea uji. Ninachofanya mimi ni kutenga kiasi mwanzo wa mwezi nikiwa nimetulia na kuandika majina, huyu na huyu, halafu kinabaki kidogo cha ghafla. Sio ubahili, ni kwamba ukiamua huku umetulia unawakumbuka na wale wasio na picha.

Haya, maumivu ya kujichagulia

Utaniuliza haya yanaingiaje hapa. Yanaingia kwa sababu pale wodini tatizo langu halikuwa kukosa upendo, nilikuwa sijui kukaa na maumivu bila kukimbia, na hilo ni jambo la kufanyia mazoezi kama unavyojifunza baiskeli. Pa kujifunzia pazuri ni kwenye maumivu madogo ambayo umeyachagua na unaweza kuyaacha.

Anza na pilipili kichaa. Ukiila hamna kinachoungua kweli. Ina kitu kinaitwa kapsaisini ambacho kinafungua mlango uleule kwenye mishipa ya fahamu unaofunguliwa na joto la nyuzi 43 na kuendelea, ubongo unaambiwa kuna moto na moto hamna. David Julius ndiye aliyeongoza kuugundua mlango huo mwaka 1997, na 2021 akapewa Nobeli akishirikiana na Ardem Patapoutian. Sasa kwa nini mtu anakula samaki wake wa Kyela na jasho linamtoka, pua inachuruzika, na bado anaongeza? Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alilichunguza hili miaka mingi. Watoto wanaanza kwa kuichukia, wanaizoea taratibu mezani kwa wakubwa, na watu wengi pilipili wanayoipenda kuliko zote ni ile iliyo chini kidogo tu ya wasiyoiweza. Mwili unapiga kelele hatari, akili inajua hamna hatari, na katika ule mwachano kunazaliwa utamu. Ndio maana tunalipia pia kulia kwenye filamu, na mtoto anacheka akirushwa juu na mjomba ambaye anajua atamdaka.

Neno la kushika hapo ni kuchagua. Timothy Wilson wa Virginia na wenzake mwaka 2014 waliwaacha watu peke yao kwenye chumba dakika 15, hamna simu hamna kitabu, kuna kitufe tu cha kujipiga shoti ya umeme ambayo walishaionja na kusema wangelipa pesa isiwapate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Walikuwa hawapendi umeme, walishindwa kukaa na wao wenyewe. Kwa hiyo ukitafuta maumivu jiulize kwanza unayatafuta uende wapi, kukwepa kitu au kukutana na kitu.

Kanuni ninazofuata ni chache. Kitu unachokichagua kiwe na mlango wa kutokea unaoujua kabla hujaingia. Kiwe pale pa pilipili ya Rozin, chini kidogo ya usichokiweza, sio juu yake. Kisichaguliwe na watu wa kukucheka. Na mwenye presha, pumu, mimba, au anayekunywa dawa za sukari asijifungishe kula wala kujimwagia maji ya baridi ya mwezi wa saba bila kuongea na daktari, ukiwa Njombe ndio kabisa, yale maji asubuhi yanakata pumzi hata ya mzima.

Mimi nilichagua kupanda mlima Ngozi. Ukitoka Mbeya unapanda gari la Tukuyu, unashuka barabarani kabla ya Isongole, halafu unapanda kwa miguu kupitia msitu wa mianzi na migomba ya porini mpaka ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, na chini huko liko ziwa. Mimi nilienda kipindi cha mvua ambapo tope linakuvua kiatu na pale juu karibu na mwisho panapanda hadi unashika mizizi. Nilienda na binamu yangu. Kazi niliyojipa ilikuwa moja, mapaja yakianza kuwaka nisikimbilie simu wala kuongea ongea, niyaangalie. Nikaona kitu nilichokuwa sijawahi kukiona miaka yote, kwamba maumivu hayakai sehemu moja, yanapanda, yanafika juu, yanalegea, yanarudi kama mawimbi ya Matema, na katikati ya wimbi na wimbi kuna nafasi unaweza kusikia ndege, unaweza kumuuliza mwenzako vipi uko sawa. Ile hofu yangu ya saa mbili na nusu ilikuwa inaniambia yataendelea tu bila mwisho. Hayakuwa hivyo.

Na ukifika juu kuna utamu mwingine, ule wa mchumia juani hulia kivulini. Ziwa lile ukilifikia na magoti yanacheza ni tofauti na kuoneshwa picha yake, na nusu ya tofauti hiyo umeileta wewe na tope lako. Watu wakiumia pamoja kwa hiari pia wanashikamana. Dimitris Xygalatas na wenzake walipima hili Mauritius kwenye sikukuu ya Kavadi, ambapo waumini wa Kihindu wanajitoboa na sindano na kubeba mizigo mizito kwa miguu hadi hekaluni. Baada ya ibada waliojitesa walitoa sadaka kubwa kuliko walioshiriki maombi tu, na hata waliokuwa wanatembea pembeni yao wakitazama walitoa zaidi. Mimi na binamu tulikuwa hatuongei vizuri tangu mambo ya shamba, na kushuka kule Ngozi tulishuka tunapeana mkono kila penye utelezi.

Lakini hapa nisimame kwa nguvu zote, maana nimeona watu wanalitumia vibaya. Aisifuye mvua imemnyea. Una ruhusa ya kusifia tope lako wewe, hauna ruhusa ya kumsifia mwenzako lake. Mama mdogo hakuuchagua ule mguu. Hana pa kushukia, hana gari la kurudi Mbeya jioni. Mwanamke anayepigwa nyumbani hayuko mazoezini, mtoto anayelala njaa hajengwi tabia, na mtu akitumia habari hizi za kupanda milima kumwambia anayeonewa avumilie, anafanya ubaya. Maumivu ambayo hayajachaguliwa yanaondolewa kwanza, kama kuna dawa ya ganzi kabla ya kusafisha kidonda iombe, idai, usione aibu. Sisi tulikaa wiki nzima hatujauliza, na tulipouliza ikapatikana.

Na kama wewe unayesoma unajikata, unajichoma, unajinyima kula ili usisikie kitu kingine kilichoko ndani, hiyo sio pilipili wala Ngozi, na sikulaumu. Ongea na mtu mmoja leo hii, sio kesho, dada, shangazi, mchungaji, mwalimu, yeyote unayemuamini, na nendeni wote hospitali mkaulizie huduma ya afya ya akili. Mruhusu huyo mtu akukalie kwenye stuli.

Nilirudi wodini Jumatatu baada ya Ngozi. Saa mbili na nusu tumbo likaanza kama kawaida, nikaliacha lipande, likapanda, likalegea. Yule bibi alikuwa anafungasha, mjukuu ameruhusiwa, nikamwamkia akaitikia, akaisukuma ile stuli kwa mguu mpaka ilipo miguu yangu, hakusema kitu. Nikakaa. Nesi akafungua gozi. Nikamuuliza mama mdogo nikushike wapi, akanipa kiganja, akasema niongeleshe. Ya kuongea sikuwa nayo zaidi ya Ngozi, nikaanza, tuliposhukia, mianzi, kiatu kilivyobaki kwenye tope. Kumbe yeye alikulia upande ule, walikuwa wanaenda kuokota kuni kwenye msitu ule, akawa ananikatiza, hapo mlipita kushoto? Pale penye mti umelala? Mkono ananibana mpaka kucha zinaingia, anafumba macho, anapumua, wimbi likipita anafungua anasema enhe, endelea. Nikaendelea hadi kwenye ile mizizi ya mwisho karibu na ukingo. Nesi akabandika plasta, akasema haya mama tumemaliza kwa leo.

Mama mdogo akamwambia, "Subiri kidogo nesi, huyu bado hajafika ziwani."